Bibi Harusi wa Mteremkoni

Wifi yangu hakosei. Hilo nililijua wiki ile ile niliyoolewa, nilipothubutu kumweleza namna bora ya kufunga mlango wa uani, naye akanitazama kama aliyeona paka anasoma gazeti. Kaka yake, yaani mume wangu, alinivuta pembeni akaniambia mlango ule hufungwa hivyo hivyo, na nikitaka amani niuzoee. Nikauzoea. Ndiyo maana asubuhi ile nilipoupanda mteremko mbio, kanga imenifunguka nimeishika kwa mkono mmoja, nikipaza sauti mbele ya kikosi chake kizima kwamba amekosea, watu walidhani nimepandwa na kichaa. Kumbe ilikuwa furaha. Sijawahi kufurahi namna ile tangu nizaliwe.

Tuanze na mahali penyewe. Mji wetu wote unakunywa chemchemi moja. Inatoka mguuni pa mteremko, inaingia kwenye tangi kubwa la kutulizia matope, kisha nyumba ya pampu inaivuta kuipeleka majumbani. Sakafu ya nyumba ile hutetemeka mchana kutwa hata chai hucheza kikombeni. Kwenye tangi huingia mitaro miwili inayoleta maji ya mvua kutoka juu, mmoja kutoka upande wa kushoto wa mteremko, mwingine kutoka kulia. Mimi ni mtunza kitalu. Nina vifuko vyangu vyeusi vya miche, wavu wangu wa kivuli, na hasira zangu, ambazo zimenipatia jina la Pilipili. Wifi ndiye kiongozi wa kikosi cha palizi. Juu yetu sote yuko Injinia, mtu mpole mwenye adui mmoja tu duniani, naye ni matope. Kila asubuhi alichota maji ya tangi kwenye glasi akaiweka dirishani pa ofisi yake, akawa anaitazama kama mzazi anayepima homa ya mwanawe. Miaka ya karibuni, kila mvua iliponyesha, glasi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Matope yalikuwa na chanzo, na chanzo kilikuwa kizuri mno kwa kutazama. Mkubwa fulani wa zamani, ambaye hatumjui na hiyo ni bahati yake, alipenda kichaka cha kigeni chenye maua ya pinki na ya njano kwenye kichwa kimoja, akakipanda kuwa ua wa nyumba ya pampu. Sisi tulikiita Bibi Harusi kwa jinsi kilivyojipamba. Ndege walikula matunda yake wakayaangusha huko juu, na kabla watu hawajashtuka, mteremko wote ulikuwa wa Bibi Harusi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na mwenyeji akafa. Kivuli chake kizito kiliinyima mimea yetu jua, na majani yake yakioza huacha kitu udongoni kinachozuia mbegu za wenzake zisiote. Ukiinua matawi yake ukachungulia chini, hukuti hata jani. Ni udongo mtupu, na udongo mtupu ukinyeshewa hauna hiari, unateremka.

Wa kwanza kutoweka ulikuwa mmea mmoja mdogo tuliouita mkeka. Hausimami, unatambaa. Kila kifundo kikigusa ardhi kinatoa mizizi, shina hili linashikana na lile, mpaka udongo unakuwa umefungwa chini yake na hauendi popote. Nilipoanza kazi bado ulikuwepo kando ya chemchemi. Nikauona ukipungua mwaka hadi mwaka. Shina la mwisho nililihamishia kitaluni, nikalibembeleza kwa kila mbinu niliyoijua, likanifia mikononi. Wifi alikuja kazini baada ya hapo, na karibu kikosi chake chote vilevile. Kwao mkeka ulikuwa hadithi ya Pilipili tu.

Basi Injinia alipochoka na matope akatangaza kwamba ataufunika mteremko mzima kwa saruji. Hesabu zake zilikuwa sawa, sikatai. Saruji haimomonyoki. Lakini mimi niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi nikamwambia aamuru Bibi Harusi ang'olewe, mimea yetu itarudi yenyewe na kuushika udongo. Mbegu za mimea yetu zimo udongoni, zimelala tu. Akaniuliza kwa upole, na zisipoamka? Hasira ni mshauri mbaya, nami niliifuata. Nikasema zisipoamka mpaka mvua zikikolea, lango la chini, ambalo ufunguo wake ninautunza mimi, nitalifungua kwa mkono wangu, lori la saruji lipite. Akakubali. Nilitoka nje nikiwa nimeshinda, nikafika kitaluni nikijiuliza nimesema nini.

Kung'oa vichaka vikubwa kulichukua kiangazi chote. Bibi Harusi ukimkata anachipua upya, kwa hiyo lazima umchimbe na kisiki chake. Tena ana miiba midogo inayochuna mikono, na utomvu wake unawasha. Wifi aliipigania ofisi mpaka watu wake wakapewa glavu nene za ngozi, na kwa hilo nampa heko yake. Mvua za kwanza ziliponyesha, ardhi ikawa kijani ghafla. Moyo wangu uliruka. Nikapanda kutazama, nikakuta ni machipukizi ya Bibi Harusi, mengi kama mchanga, mbegu zake za miaka yote zimeamka kwa pamoja. Wifi akatoa amri moja: kila cha kijani kitoke.

Na kilitoka. Kikosi cha wifi yangu hupalilia kwa mstari, watu bega kwa bega, wakipanda pamoja, mikono inakwenda kama ya wasukaji. Waking'oa hawatazami nyuma. Walianza kushoto, wakaupitia upande ule tena na tena kila ulipochipua. Walichong'oa walitia magunia, magunia yakashushwa chini yakamwagwa juu ya mabati, yakakaushwa na jua mpaka yakawa makapi. Mimi nilipanda jioni baada ya kazi za kitalu, nikakuta upande wa kushoto umenyolewa safi, hakuna hata jani. Nilikuwa nikichuchumaa pale nazisihi mbegu kimoyomoyo. Amkeni basi. Mimi nimewasemea, mnaniaibisha.

Hawakuamka. Mvua zikakolea, na Injinia, ambaye hata kunidai ahadi aliona haya, alimtuma karani aniambie kwamba lori litafika kesho yake asubuhi.

Asubuhi hiyo niliteremka langoni na ufunguo mfukoni, nimenuna mpaka walinzi wakaacha kunisalimu. Wingu lilikuwa zito. Juu, wifi na watu wake walikuwa wamehamia upande wa kulia, ambao ulikuwa haujapaliliwa tangu mvua zianze. Wifi alitaka Injinia akija aukute mteremko wote msafi, hata kama ni wa kufunikwa saruji. Ndivyo alivyo, angefagia na nyumba inayobomolewa. Gunia lao la kwanza lilikuwa tayari limeshushwa na limewekwa, ya nini sijui, katikati ya njia ya lori.

Nililipiga teke. Nililipiga kwa ajili ya saruji, kwa ajili ya ahadi yangu ya kijinga, na kwa ajili ya mbegu zilizonitia aibu. Gunia likaanguka ubavu, likamwagika.

Machipukizi ya Bibi Harusi yakimwagwa hutawanyika, kila moja na mzizi wake mmoja, kama viberiti. Haya hayakutawanyika. Nusu ya gunia ilitoka kwa pamoja, bonge moja la kijani lililoshikana, na nilipolivuta lilinyooka likawa shuka. Nikapiga magoti palepale kwenye tope. Majani yalikuwa yale yale tuliyoyazoea, mawili mawili, yenye meno pembeni, ukubwa wa ukucha. Ila mashina yalitambaa, na kwenye kila kifundo palikuwa na mizizi myeupe, myembamba. Nikasugua jani kwa vidole nikalinusa. Bibi Harusi ananuka, hata akiwa mchanga kiasi gani. Ukimgusa asubuhi, mkono unanuka mpaka jioni. Hili halikunuka kitu. Nikachukua jingine, likawa vilevile. Nikaliuma. Lilikuwa na ladha ya maji.

Nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Mkeka haukufa. Uliamka pamoja na Bibi Harusi, siku zile zile, na ukiwa mchanga unafanana naye kama pacha. Kinachowatenganisha ni harufu, na sisi tulikuwa tumewavisha watu wetu glavu za ngozi. Tangu mvua za kwanza tulikuwa tunaung'oa kwa mikono yetu, tunautia magunia, tunaukausha juani, halafu tunauliza mbona hautokei. Na hapo juu walikuwa bado wanaendelea.

Nilitoka nduki. Umri wangu si wa mbio, na mteremko ule si wa mbio kwa umri wowote, lakini nilipanda. Nilipofika, mstari ulikuwa umeinama, mikono inakwenda. Nikapiga ukelele waache. Wote wakainuka isipokuwa wifi, ambaye alimalizia alichokishika, akakitia guniani, ndipo akanyoosha mgongo.

Nilimwambia, nikihema, kwamba amekosea. Neno lilipotoka, yule tunayemwita Mrefu, mbeba magunia, alirudi nyuma hatua kadhaa kama mtu aliyeona waya wa umeme umekatika. Wifi akanijibu kwa utulivu unaotisha kwamba amri ni kila cha kijani kitoke, na kila cha kijani kinatoka, na kama nina neno nilipeleke ofisini. Nikamwambia avue glavu. Akasema havui, alizipigania. Nikamwambia tena. Akauliza watu wake kama kaka yake alioa mke au alioa king'ora, na wao wakacheka kwa woga.

Kwa kawaida hapo ningempa vidonge vyake. Maneno nilikuwa nayo, tena makali. Lakini nyuma yake niliona upande wa kulia uliobaki, kijani kitupu mpaka kwenye uzio, na nikaogopa kwamba nikigombana naye nitaupoteza. Katika miaka yote hiyo nilikuwa nikimwita wifi tu. Nikasema:

"Dada, nakuomba. Nusa tu."

Wifi akavua glavu ya kulia, kidole kimoja kimoja, asionekane amelazimishwa. Nikachuma machipukizi mawili miguuni pake nikayaweka kiganjani mwake. Alisugua la kwanza akalinusa, akakunja uso, Bibi Harusi yule yule tunayemjua. Akasugua la pili. Akanusa, akasubiri, akanusa tena. Akajifuta vidole kwenye sketi, akainama akachuma jingine mwenyewe, na jingine. Kisha akageuza shingo akautazama upande wa kushoto, ule uliong'aa kwa usafi.

"Kule kote?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, lakini mwingi. Akaketi chini kwenye tope na sketi yake safi, na nikajua kwamba sasa ama atalia ama atanipiga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinua uso akawaambia watu wake wavue glavu, wote, sasa hivi, na atakayeng'oa kitu kabla hajakinusa atamtambua.

Hapo ndipo raha ilipoanza. Fikiria watu wazima, wengine wenye wajukuu, wamepiga magoti mteremkoni, wananusa majani na kupiga chafya. Huyu ni harusi, toa. Huyu si harusi, acha. Mama Pacha, mpalilizi wetu mwenye mikono myepesi kuliko wote, alifika chini ya uzio akakuta mkeka umetanda upana wa chumba cha kulala, haujaguswa, akalala juu yake chali akikataa kuinuka. Kila walipong'oa Bibi Harusi mmoja walikuta chini yake nyuzi za mkeka zikimzunguka, na walikuwa wakiitana waje waone, kama watoto walioshika kumbikumbi. Mrefu aliyamwaga magunia ya asubuhi. Mizizi ilikuwa bado mibichi, na mkeka hauna maringo, ukiulaza kwenye udongo wenye maji na kuukanyaga kidogo unashika. Nikawaonyesha. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikuona sababu ya kuyafuta.

Honi ya lori ndiyo iliyotukumbusha. Lilikuwa limefika langoni, limejaa mifuko ya saruji, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu mteremkoni. Injinia akapitia mlango mdogo akaja juu kwa miguu, viatu vya ofisini, leso mkononi. Alikuwa na mafua ya kufa mtu. Alipofika alikuta wafanyakazi wake wote wameinama pua chini, na uso wake ulionyesha wazi kwamba anajiuliza kama yale maji ya kwenye glasi yamewapanda kichwani.

Nikamweleza harakaharaka, nikamtia mkononi majani mawili, nikamwambia anuse. Akanusa kwa bidii. Akasema hili halinuki. Na hili halinuki. Akatazama tena, kwa masikitiko ya kweli, akasema hakuna linalonuka. Nikasikia wifi akinong'ona nyuma yangu kwamba kwa pua ile hata choo ni bustani.

Injinia hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema anaona watu wenye furaha na anaona majani, lakini upande mzima wa kushoto ni mtupu, mvua ndizo hizi, na mji unakunywa matope. Hawezi kulirudisha lori kwa ajili ya harufu ambayo yeye haisikii.

"Mama Kitalu, ulinipa neno lako," alisema.

Ni kweli nilimpa. Nikatia mkono mfukoni nikaushika ufunguo. Sikuwa na hoja tena, na aliyekuwa na haki pale ni yeye. Nilichokuwa nacho ni kiganja cha majani yasiyonuka. Nikaanza kuteremka, na kila hatua ilikuwa nzito kuliko niliyopanda nayo.

Mvua ilitukuta kabla hatujafika chini. Haikuanza kwa matone, ilimwagika. Wengine walikimbilia kibarazani pa nyumba ya pampu, lakini Injinia alikwenda tangini kama anavyokwenda siku zote ikinyesha, na mimi na wifi tukamfuata bila kuambiana. Akasimama pale mitaro miwili inapoingilia. Mtaro wa kushoto ndio uliokuja kwanza. Ulikuja kwa kishindo, mwekundu, mzito, ukisukuma mawe madogo mbele yake. Injinia akafumba macho.

Wa kulia ulichelewa. Ulichelewa mpaka Injinia akadhani umeziba, akainama akatia mkono kutafuta takataka. Kisha maji yakaja, kwanza vijiti na majani makavu, halafu maji yenyewe. Yalipita juu ya vidole vyake, na vidole vyake tuliviona vyote, na kucha zake, na pete yake ya ndoa.

Injinia alikwenda ofisini mbio akarudi na glasi mbili, akachota huku na huku, akaziinua mbele ya macho, maji ya mvua yakimtiririka usoni. Mkono wa kushoto alishika tope. Mkono wa kulia alishika maji. Alizigeuza, akazitazama tena, na mimi nilikuwa nimejishika mdomo nisipige kelele, kwa sababu kifua kilikuwa kinataka kupasuka. Watu wa kibarazani walikuwa wamekwisha kuja mvuani, wamezunguka.

"Huku kushoto palifanywa nini?" Injinia akauliza.

Nikafungua kinywa niseme ni sisi sote. Na ilikuwa kweli, hakuna kati yetu aliyewaza. Lakini wifi alinitangulia. Alisogea mbele, nywele zimemlowa zimemganda usoni, mikono mitupu.

"Niling'oa," alisema. "Mimi. Niling'oa vizuri kabisa, hakikubaki hata kimoja."

Sauti yake ilikatika pale mwishoni, na Mama Pacha akageukia pembeni. Kisha wifi akamwambia Injinia kwamba upande wa kushoto asiumwagie saruji, ampe yeye. Miche itatoka kulia, iko ya kutosha, ataihamisha kipande kwa kipande, na mvua hii ndiyo yenyewe ya kuishikisha. Alisema haombi kwa niaba yangu. Anaomba kwa niaba yake.

Injinia aliitazama glasi ya kulia muda mrefu. Halafu akainywa, yote, kwa mkupuo mmoja, akapiga chafya, akamwambia karani amweleze dereva ageuze lori. Mifuko michache ibaki ya kuzibia kuta za tangi, mingine irudi ilikotoka.

Kelele zilizopigwa hapo zilizidi za mvua. Mrefu alimbeba Mama Pacha, ambaye hakuomba kubebwa. Mimi nilimkumbatia Injinia kabla sijakumbuka cheo chake, nikamwachia, nikatafuta wifi nimkumbatie yeye. Hakuwepo. Alikuwa amekwisha kuondoka, yuko nusu ya mteremko peke yake, anapanda upande wa kulia.

Nilimkuta amepiga magoti chini ya uzio. Alikuwa ameshika shina la mkeka kati ya vidole viwili, hajalivuta, na mvua inampiga mgongoni. Nikapiga magoti karibu yake.

"Nionyeshe tena," akasema. "Polepole. Pa kuukata, na pa kuushikia usiumie."

Nikauchukua mkono wake, nikamwonyesha.